Faksi Ilifika, Jibu Likapotea: Uchambuzi wa Kisa cha Huduma ya Faksi ya Mtandaoni

Kisa hiki kinahusu ofisi ndogo ya Dar es Salaam iliyolazimika kutuma faksi Marekani, ikajaribu huduma za mtandaoni zinazomwezesha mtu kutuma faksi mara mojamoja bila kuwa na mashine, ikafanikiwa kutuma, kisha ikalikosa jibu. Nimekiandika kwa sababu kazi yangu ni kuwasaidia wafanyabiashara wadogo kuandaa nyaraka zao, na naona wengi wakichagua huduma hizi kwa kuangalia bei ya kutuma peke yake. Majina, tarehe, jimbo lililohusika na baadhi ya maelezo ya biashara yameondolewa, na kampuni za faksi zilizotumika hazitajwi.

Usuli

Mmiliki wa ofisi ni mbunifu wa michoro ambaye wateja wake wengi wako nje ya nchi. Alisajili kampuni ya aina ya LLC, yaani kampuni yenye dhima yenye ukomo, katika jimbo mojawapo la Marekani, akiwa mwanachama wake pekee, ili apokee malipo kupitia wakala wa malipo ambaye hakuwa akifungua akaunti kwa kampuni zilizosajiliwa Tanzania. Usajili ulikamilika bila taabu. Kilichobaki kilikuwa EIN, namba ambayo Mamlaka ya Mapato ya Marekani, IRS, huipa kampuni kama vile TRA inavyoipa kampuni ya hapa TIN, na ambayo bila hiyo wakala wa malipo asingeendelea na maombi yake.

Mtu mwenye namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani, au mwenye ITIN, namba ya mlipakodi ambayo IRS humpa asiyestahili ile ya kwanza, huomba EIN kwenye tovuti ya IRS na kuipata papo hapo. Mmiliki hakuwa na namba yoyote kati ya hizo, na tovuti haimruhusu mhusika mkuu wa kampuni kuendelea bila kuingiza mojawapo. Mtu wa hali yake hubakiwa na simu, posta na faksi, na maelezo yanayotakiwa ni yaleyale yaliyomo katika fomu SS-4, fomu ya kuombea EIN. Kwa posta, IRS yenyewe hukadiria kwamba jibu huchukua takriban wiki nne. Kwa faksi hukadiria siku nne za kazi, ilimradi mwombaji awe ameandika namba ya faksi ambako jibu litarudishwa. Nafasi ya kuandika namba hiyo iko chini kabisa ya fomu, karibu na sahihi, na ni rahisi kuichukulia kama nafasi ya kujaza tu ili isibaki wazi. Kisa chote kinatokana na nafasi hiyo.

Njia zilizokuwapo na sababu za uamuzi

Posta iliondolewa mapema kwa sababu mteja mmoja alikuwa akisubiri kulipa. Wakala aliyesajili kampuni alijitolea kuomba EIN kwa malipo ya ziada, lakini mmiliki hakutaka kumpa mtu asiyemjua mamlaka ya kuzungumza na mamlaka ya kodi kwa niaba yake, na katika hili naona alikuwa sahihi.

Karani wake alipata ofisi ya jamaa ambayo mashine yake ya faksi ilikuwa bado inafanya kazi kwenye laini ya mezani. Barua nyingi za ofisi nchini bado zina namba ya faksi kwenye kichwa chake, ingawa mara nyingi mashine yenyewe iliondolewa siku nyingi, hivyo kupata iliyo hai ni bahati. Hata hivyo, jibu la IRS lingetoka kwenye trei ya ofisi ya watu wengine, likiwa na jina kamili na anwani ya mmiliki, na mtu yeyote anayepita angeweza kulisoma au kulichukua. Isitoshe, hakukuwa na uhakika kwamba mashine hiyo ingekuwa imewashwa usiku, wakati ofisi za Marekani ziko kazini. Waliiacha njia hiyo.

Kuhusu simu, IRS ina namba maalumu kwa waombaji wa nje, inayopokelewa Jumatatu hadi Ijumaa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tano usiku kwa saa za mashariki ya Marekani. Kwa Dar es Salaam hiyo ni kuanzia saa saba au saa nane mchana, kutegemea majira ya huko, hadi asubuhi ya siku inayofuata. Namba hiyo si ya bure. Mmiliki alihofia kwamba angesubiri kwa muda mrefu huku dakika za kimataifa zikiliwa, na kwamba laini ingekatika kabla hajahudumiwa. Hofu hiyo ina msingi, lakini hapa natofautiana naye: kupiga simu kwa njia ya intaneti kwenda namba ya mezani ya Marekani ni gharama ndogo, na mwombaji wa simu hupewa EIN wakati huohuo. Kama angeniomba ushauri mapema, ningemwambia aanze na simu.

Ilibaki faksi ya mtandaoni. Katika huduma hizi mtumiaji hupakia faili, kwa kawaida PDF, na kampuni huigeuza kuwa picha ya faksi na kuipiga kwenye namba anayoitaka kama mashine ya kawaida inavyofanya. Karani aligundua kwamba ziko za namna mbili. Za kwanza ni za kutuma tu: nyingine ni za bure kwa kurasa chache kwenda Marekani na Kanada, zikiweka tangazo lao kwenye ukurasa wa jalada, na nyingine hutoza kila faksi peke yake. Za pili ni za usajili wa kila mwezi, ambapo mtumiaji hupewa namba yake ya faksi, na kila faksi inayopigwa kwenye namba hiyo huingia kwenye barua pepe yake kama PDF. Kwa kuwa fomu ilihitaji namba ya kupokelea, walichagua huduma ya usajili iliyokuwa na kipindi cha majaribio cha siku saba bila malipo, kwa sharti la kuweka kadi ya benki tangu mwanzo. Kipindi kikiisha bila kughairiwa, kadi ingekatwa ada ya mwezi.

Majaribio kabla ya kutuma

Hii ndiyo sehemu ya kisa inayonifurahisha zaidi, kwa sababu karani alifanya jambo ambalo watu wachache hulifanya. Kabla ya kutuma chochote IRS, alitumia huduma ya bure kuituma fomu kwenye namba mpya waliyopewa, ili aone kwa macho yake mpokeaji angeona nini.

Faksi ya kwanza ilirudi ikiwa na fomu tupu. Mistari, vichwa na maelekezo vilikuwapo, lakini hakuna hata neno moja lililojazwa. Sababu ni kwamba fomu SS-4 ya mtandaoni ni PDF ya kujazwa, na maandishi yanayoingizwa hukaa katika tabaka la juu ya ukurasa. Programu nyingine zinapobadilisha faili kuwa picha huliruka tabaka hilo. Mtu asiyejaribu angeituma fomu hiyo tupu na kupokea uthibitisho kwamba imefika salama, na uthibitisho huo ungekuwa wa kweli kabisa.

Karani aliichapisha fomu kwenye karatasi, mmiliki akaitia sahihi kwa kalamu ya bluu, kisha wakaipiga picha kwa simu na kuituma tena. Safari hii maandishi yalionekana, lakini upande mmoja wa ukurasa ulikuwa doa jeusi na sahihi ilibaki vipande vipande. Mashine za faksi za Kundi la 3, ambazo kiwango chake cha kimataifa kilipitishwa mwaka 1980 na ndicho kinachotumika hadi sasa, husoma kila mstari wa ukurasa kama nukta 1728, na kila nukta huwa nyeusi au nyeupe. Hakuna kijivu. Kivuli hafifu cha mkono kwenye picha ya simu lazima kiamuliwe kuwa kimojawapo, na wino wa bluu uliopauka huweza kuamuliwa kuwa mweupe. Kwenda chini ya ukurasa, ubora wa kawaida una takriban mistari 98 kwa inchi, na ubora wa juu una takriban 196, tofauti inayotosha kuifanya tarakimu ndogo isomeke au isisomeke.

Hatimaye walitia sahihi kwa kalamu nyeusi, wakaskani karatasi kwa mashine bapa katika nyeusi na nyeupe kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi), wakachagua ubora wa juu katika huduma, na nakala iliyorudi ikasomeka kila herufi. Kazi hiyo ilikuwa nzuri. Tatizo ni kwamba kipindi cha majaribio kilikuwa kimeanza kuhesabiwa tangu siku walipochukua namba, na siku za kwanza ziliishia kwenye majaribio hayo.

Utumaji na siku zilizofuata

Akaunti ilifunguliwa Jumanne. Fomu ilitumwa Alhamisi jioni kwa saa za Dar es Salaam, ikiwa na ukurasa wa jalada usio na taarifa yoyote zaidi ya jina la kampuni, idadi ya kurasa na namba ya kurudishia jibu. Walituma ukurasa wa kwanza tu wa SS-4, kwa kuwa wa pili ni maelezo kwa mwombaji. IRS hutoa namba mbili kwa waombaji wa nje, moja ya bure inayopigwa kutoka ndani ya Marekani na nyingine ya kawaida kwa walio nje. Walichagua ya kawaida, kwa sababu mtumiaji wa huduma ya mtandaoni hawezi kujua kwa hakika simu yake inatokea nchi gani. Laini ilikuwa na shughuli mwanzoni, huduma ikarudia kupiga yenyewe, na baadaye ukaja uthibitisho wenye namba iliyopigwa, muda na idadi ya kurasa.

Jumapili karani alighairi usajili. Alikuwa ameagizwa kulinda kadi ya ofisi, alijua kwamba kampuni za namna hii hukata ada mara tu kipindi cha majaribio kinapokwisha, na mkononi alikuwa na uthibitisho kwamba faksi imefika. Alimwambia mmiliki, “Dada, ile kazi imekwisha, nimefunga na akaunti wasije wakatukata,” naye akamshukuru. Wote wawili waliamini kwamba jibu, kama halikuja kwa faksi, lingekuja kwa posta kwenye anwani ya wakala wa usajili. Namba ya faksi ilifungwa papo hapo, bila kusubiri siku saba zitimie.

Hesabu ya siku ingetosha kuonyesha hatari. Siku nne za kazi baada ya Alhamisi ni Ijumaa, Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Kipindi cha majaribio kilichoanza Jumanne kilikuwa kinaisha Jumatatu. Kwa hiyo hata kama wasingeghairi mapema, na hata kama IRS ingetimiza makadirio yake yenyewe bila kuchelewa, jibu lingekuta kipindi kimekwisha, na wangelazimika kulipia mwezi mmoja ili namba iendelee kuwa yao.

Matokeo

Wiki kadhaa zilipita bila jibu, na kwa wakala wa usajili hakuna barua iliyofika. Mmiliki alitaka kuituma fomu upya akiwa na namba nyingine ya faksi. Katika hatua hii ndipo niliposhirikishwa, na nilimshauri asifanye hivyo. IRS huwataka waombaji watumie njia moja tu kwa kila kampuni, kwa kuwa maombi yanayorudiwa yanaweza kuzaa EIN mbili kwa kampuni moja, na kulirekebisha jambo hilo baadaye ni kazi ngumu kuliko kuomba upya. Nilipendekeza apige simu kuuliza.

Alipiga, akasubiri, akajibu maswali ya kuthibitisha kwamba yeye ndiye mhusika mkuu, na akaambiwa kwamba EIN ilikuwa imekwisha kutolewa. Alisomewa namba hiyo kwenye simu. Mtumishi wa IRS alikuwa tayari kumtumia barua ya uthibitisho, ile ya 147C ambayo benki huikubali kama ushahidi wa EIN, na angeituma wakati huohuo kwa faksi. Mmiliki hakuwa na namba ya faksi ya kumpa.

Walilipia mwezi mmoja katika huduma nyingine, safari hii bila kutafuta kipindi cha bure, wakapiga simu tena, na barua ikaingia kwenye barua pepe kabla mazungumzo hayajaisha. Wakala wa malipo alifungua akaunti. Mteja aliyekuwa akisubiri alikuwa amekwisha kumlipa mbunifu mwingine.

Jibu la kwanza lilikwenda wapi haiwezekani kuthibitisha. Namba ile ilikuwa mali ya kampuni ya faksi, na namba zilizoachwa huweza kupewa wateja wengine. Huenda faksi ya IRS ilikuta namba imefungwa na ikashindikana, na huenda ilimfikia mtu mwingine kabisa ikiwa na jina na anwani ya mmiliki. Uwezekano wa pili ndio ulioniudhi zaidi katika kisa hiki, kwa sababu ni mmiliki huyohuyo aliyekataa mashine ya ofisi ya jamaa kwa kuhofia macho ya wapita njia.

Uchambuzi

Jaribio la kujitumia mwenyewe liliokoa maombi yote. Bila hilo, IRS ingepokea fomu tupu au yenye doa, na kwa vile namba ya kurudishia jibu ilifungwa, taarifa ya kasoro isingemfikia, na mmiliki angekaa akisubiri EIN ambayo haikuombwa. Kwa mtu anayetuma faksi mara moja kwa mwaka, huyu ndiye mpokeaji wa kwanza anayefaa: yeye mwenyewe, au rafiki mwenye namba ya faksi atakayemrudishia picha ya kilichofika. Lingefanyika vizuri zaidi kama wangetumia namba ya mtu mwingine kwa jaribio, na kufungua akaunti yao siku ileile ya kutuma.

Uthibitisho wa utumaji ulieleweka vibaya, na sidhani kwamba karani ni wa kulaumiwa, maana huduma nyingi huuandika kwa maneno yanayoashiria kwamba shughuli imekamilika. Kitaalamu, mashine inayopokea hutuma ishara baada ya kila ukurasa kuieleza mashine inayotuma kwamba ukurasa umepokelewa. Ishara hiyo inahusu mawasiliano ya mashine mbili. Haisemi kama ukurasa ulisomeka, kama ulifikishwa kwenye meza sahihi, wala kama kuna mtu atakayeushughulikia. Ni ushahidi mzuri wa tarehe ya kutuma, na kwa mambo yenye tarehe ya mwisho una thamani kubwa. Kwa maombi yanayosubiri jibu una thamani ndogo.

Kosa kubwa lilikuwa la kuhesabu gharama. Walidhani bidhaa waliyoinunua ni utumaji, kwa hiyo utumaji ulipokamilika waliona hakuna sababu ya kuendelea kuwa wateja. Lakini utumaji wangeweza kuupata bure kwingine, na kwa kweli waliupata bure katika majaribio. Kitu pekee ambacho huduma ya usajili iliwapa, ambacho huduma za bure hazikuwa nacho, kilikuwa namba ya kupokelea, na thamani ya namba hiyo ilianza pale faksi ilipotoka na ingeendelea hadi jibu lifike. Waliifunga wakati uleule ilipoanza kuwafaa. Kwa mtazamo huo, ada ya mwezi mmoja haikuwa hasara ya kukwepwa, na hata ya miezi miwili ingekuwa ndogo ukilinganisha na kazi waliyoipoteza.

Ipo pia hoja ya usiri ambayo haikujadiliwa na mtu yeyote hadi mambo yalipoharibika. Kabla ya kuandika namba ya muda kwenye fomu ya serikali, inafaa kuiuliza kampuni husika namba hukaa muda gani baada ya mteja kuondoka kabla ya kupewa mwingine, na nakala za faksi hubaki kwenye seva zao kwa muda gani. Kampuni isiyoweza kujibu maswali hayo mawili kwa maandishi ningeikwepa, hata kama bei yake ni nafuu.

Mwaka uliofuata

Kampuni ya LLC yenye mwanachama mmoja asiye Mmarekani ina wajibu wa kila mwaka ambao huwashtukiza wengi: kuwasilisha fomu 5472, ya taarifa za miamala kati ya kampuni na mmiliki wake wa nje, ikiambatishwa kwenye fomu 1120, ile ya ritani ya kodi ya kampuni, iliyojazwa sehemu chache tu, kwa kawaida kufikia tarehe 15 Aprili, na adhabu ya kutowasilisha ni dola 25,000. Kwa kampuni za aina hii IRS hupokea fomu hizo kwa posta au kwa faksi, na maelekezo yake yanataka faksi iwe ya dpi 300 au zaidi. Ofisi ilijikuta tena inahitaji faksi moja.

Safari hii mahitaji yalikuwa tofauti, na mmiliki aliliona hilo mwenyewe bila kuelekezwa. Hakukuwa na jibu la kusubiri kwa faksi, kilichohitajika ni ushahidi kwamba fomu zilitumwa kabla ya tarehe ya mwisho. Alitumia huduma ya kulipia faksi moja, isiyo na usajili wala namba, baada ya kuwauliza watoa huduma kama mfumo wao unaweza kupiga namba za bure za Marekani zinazoanza na 855, kwa kuwa namba iliyotolewa kwa fomu hizo ni ya aina hiyo. Alituma mapema, wiki mbili kabla ya siku ya mwisho, ili laini ikiwa na shughuli abaki na muda wa kurudia au wa kutumia posta. Uthibitisho aliupakua siku ileile na kuuhifadhi pamoja na nakala ya kurasa zote zilizotumwa, kwa sababu huduma hiyo hufuta kumbukumbu za watumiaji wasio na akaunti baada ya muda mfupi.